Ukienda kusali kanisa la watu

Najua nimewatupa, mtanisamehe. Mazoezi ya kufundisha yaliisha, nikarudi chuo nikakuta kazi za kuandika zimenisubiri mlangoni kama mgambo, na bumu nalo likachelewa kama kawaida yake. Sasa nimepumua kidogo. Leo sina stori za msosi wala za wale jamaa wa sayansi wanaojiona. Leo nataka tugombane kidogo kuhusu kanisani.

Ugomvi wenyewe umeanzia chumbani kwetu. Tuko wanne. Mimi Mkatoliki, mmoja Mlutheri wa Bumbuli, mmoja Msabato wa Same, na mmoja mpentekoste ambaye tunamwita Mama Mchungaji kwa sababu anatuombea hata tukipiga chafya. Jumapili iliyopita yule Mlutheri alipitiwa na usingizi, ibada yao ikawa imeshaanza zamani, akaamua anifuate misa. Sawa, karibu. Tumekaa benchi moja, kaimba vizuri kuliko mimi (hawa watu wa milimani na kwaya, acheni tu). Tukafika kwenye Baba Yetu. Kwetu pale mwishoni tunanyamaza, padri anasali kidogo, ndipo tunaitikia yale maneno ya ufalme na nguvu na utukufu. Mwenzangu hakunyamaza. Aliunganisha moja kwa moja, peke yake, kwa sauti ya kwanza kabisa. Watu kama sita wakageuka. Nilijibana kucheka mpaka machozi yakanitoka, mtu wa nyuma akadhani nimeguswa na sala.

Hilo dogo. Kila mtu limemkuta. Tatizo lilikuja wakati wa komunyo. Benchi letu likasimama, na yeye akasimama, akapanga foleni. Nikamshika gauni, halafu nikamwachia, maana niliona aibu kuzozana mbele ya watu. Akapokea. Tunarudi hosteli ananiuliza, "Hivi mbona nyie mnawanyima watu divai?"

Jioni chumba kikawaka. Mama Mchungaji akasema meza ni ya Yesu, siyo ya Papa, kwa hiyo hakuna kosa. Msabato akasema kwao angekaribishwa vizuri tu, ila angeoshwa miguu kwanza, na jinsi alivyokanyaga tope siku ile maji yangebadilika rangi. Mimi nikasema ukweli wangu: amekosea, na mimi nimekosea zaidi kwa kutomwambia mapema. Basi nikaitwa mbaguzi. Mimi! Mtu ambaye mama yangu mzazi ni Mlutheri hadi kesho!

Ndiyo maana naandika. Ugomvi wa chumbani nilishindwa, labda huku nitashinda.

Kwanza niwapeleke nyumbani. Ukipanda basi la Arusha kutoka Dar, ukishapita Mombo na Mazinde, milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia imesimama kama ukuta, usilale. Utaona Mkumbara. Ukilala utashtukia Mkomazi. Pale kwetu ni katani, reli, vumbi na joto, na ukiinua macho unaiona Shume kule juu kwenye baridi na mbao zake. Wajerumani walijenga njia ya kamba ya kuteremshia mbao hizo mpaka stesheni ya Mkumbara, watoto wote wa pale tumekua tukisimuliwa. Watu wetu ni mchanganyiko: Wasambaa, Wazigua, Wapare, na wa makabila ya mbali ambao babu zao waliletwa na katani wakabaki. Na dini ni hivyo hivyo. Katika ukoo wetu, nusu au zaidi ni Waislamu.

Sasa hebu fikirini. Akifariki ndugu yetu Mwislamu, tunafanyaje? Tunajua. Hakuna anayeuliza. Najifunga kanga, nafunika kichwa, navua viatu mlangoni, nakaa uani na akina shangazi namenya vitunguu. Wanaume wakienda kusalia jeneza, wajomba zetu Wakristo wanasimama pembeni kwa heshima, kisha wanashiriki kubeba na kufukia. Hakuna shekhe anayemvuta mjomba aingie kwenye safu, na hakuna mjomba anayejipachika kwenye safu aonekane ana upendo. Na sisi tukifiwa wao wanakuja, wengine wanakaa ndani ya kanisa kabisa, wengine chini ya mti nje, na katekista anajua, anawaachia nafasi. Kila mtu anabaki alivyo na msiba unaisha salama.

Lakini Mkristo akienda kwa Mkristo mwenzake! Hapo ndipo vituko vinapoanza. Kufanana ndiko kunakotuponza. Biblia ile ile, Baba Yetu ile ile karibu yote, Tenzi za Rohoni zinaimbwa kila mahali, basi mtu anajiona yuko nyumbani, anaacha zile adabu zote alizo nazo akienda kwa Mwislamu.

Tena hata jina la kanisa lisikudanganye. Waanglikana wa kwetu Korogwe na Muheza walifundishwa na wamisionari wa UMCA, kwa hiyo utakuta ubani, kengele, na kasisi amevaa kama padri. Waanglikana wa Dodoma walifundishwa na CMS, hawana makuu hayo. Nina rafiki Mwanglikana wa Dodoma alikuja Korogwe, kaingia kanisani, kanusa ubani, katoka nje kusoma kibao upya. Na huyo yuko kwenye dhehebu lake!

Hili la meza nalo siyo la leo na wala hatukulianzisha sisi. Wanahistoria wa darasani mwangu mnaijua habari ya Kikuyu. Juni 1913, wamisionari wa makanisa mbalimbali ya Kiprotestanti walikutana pale Kikuyu, Kenya, kujadili namna ya kufanya kazi kwa umoja. Mwishoni wakafanya ibada ya Meza ya Bwana pamoja, ndani ya kanisa la misheni ya Waskoti. Askofu wa Kianglikana wa Mombasa, William Peel, ndiye aliyeongoza, na wasio Waanglikana wakashiriki. Nzuri, si ndiyo? Basi askofu wa Zanzibar, Frank Weston, aliposikia aliwaka. Akaandika Uingereza kwa Askofu Mkuu wa Canterbury akiwashtaki Peel na askofu wa Uganda, Willis, kwa uzushi. Uzushi, jamani, kwa sababu ya wageni mezani! Ikawa kesi ya magazeti kule Uingereza. Askofu Mkuu Davidson alitoa jibu lake mwaka 1915, la kuwatuliza wote, mpaka watu wakatania kwamba uamuzi ni huu: ibada ile ilimpendeza Mungu sana, na isirudiwe tena kamwe.

Kwa nini nawasumbua na mambo ya mwaka 1913? Kwa sababu dayosisi ya Weston haikuishia Unguja. Ilifika huku kwetu, Magila, Korogwe. Mwenyewe alifia Hegongo, karibu na Magila, mwaka 1924. Huyu ni askofu wa bibi zetu. Mimi naona alikuwa mkali kupita kiasi, neno uzushi halikuhitajika. Lakini ukiondoa ukali wake kuna jambo alilolishika, nalo ni kwamba huwezi kufanya meza ya mtu kuwa pambo la mkutano. Kwa wengine pale ndipo kiini cha imani yao kilipo. Mgeni anayejisogeza kwa sababu tu foleni imepita mbele yake, hata kama ana roho safi, anawaambia wenyeji kwamba kitu wanachokipigia magoti yeye anakiona kama chai ya mapumziko.

Na mwenzangu Mlutheri anajua kabisa jambo hili. Kwao mtoto hasogei mezani kabla ya kipaimara. Miaka ya mafundisho, gauni jeupe, picha, mbuzi anachinjwa! Kama mtoto wake mwenyewe anasubiri, kwa nini yeye asisubiri kwetu? Sisi Wakatoliki sheria yetu ya mwaka 1983, kanuni ya 844, inaruhusu Mkristo wa madhehebu kama yake kwa nadra sana, kwa mfano mtu akiwa hatarini kufa, na hata hapo kwa masharti. Unaweza kuichukia sheria hiyo. Wakatoliki wengine nao hawaipendi. Ila huibatilishi kwa kupanga foleni.

Mengine ni mepesi, nayapitia haraka. Nguo: ulizia. Kuna makanisa suruali kwa dada ni tatizo na mengine hawana habari, na kwa Wasabato acha hereni chumbani, haitakuua. Salamu: usishindane. Wakisema "Tumsifu Yesu Kristo" na wewe umezoea "Bwana Yesu asifiwe", itikia kadiri unavyoweza, usianze kusahihisha. Simu zima, na kupiga picha watu wanaoombewa wameanguka chini ukaziweke mtandaoni ni ushenzi, samahani kwa neno. Na kama umekuja kwa ajili ya kwaya tu, usitoke wakati mahubiri yanaanza. Tunakuona.

Sadaka ndiyo yenye mambo. Kwa mama, kule Vuga, ambako Walutheri wako tangu wamisionari wa Bethel walipofika mwaka 1895, ukienda siku ya mavuno ujiandae. Baada ya ibada mnatoka nje, kuna mnada. Ndizi, mahindi, mayai, miwa, kuku, vyote vilivyotolewa sadaka vinauzwa pale pale. Mimi nilikuwa kidato cha pili, mjinga, nikasikia jogoo yuko elfu nne, nikapaza sauti "tano!" kwa kujifurahisha. Mnadi akasema "tano, mara ya kwanza" na watu wote wakageuka wakatabasamu, hakuna aliyepandisha. Nilikuwa na mia tano. Bibi alilipa, na jogoo akapewa mchungaji kwa jina langu, na mpaka leo nikienda Vuga kuna mzee ananiita Mama Jogoo. Mgeni halazimishwi kununua, na ukinyamaza hakuna atakayekudharau. Ila ukifungua mdomo umefungua pochi.

Sasa nirudi kwenye foleni, maana kuna kitu nimekizunguka tangu nianze kuandika.

Baba alikuwa Mkatoliki. Mama, kama nilivyosema, Mlutheri wa Vuga. Walifunga ndoa mseto kwa ruhusa, sisi watoto tukabatizwa Ukatoliki, na mama akabaki wake. Watu walimsema sana, maana kwetu inajulikana mwanamke anamfuata mume. Hakumfuata. Lakini Jumapili ambazo hakwenda kwao alikuja na sisi, akakaa benchi la tatu upande wa wanawake, na wakati wa komunyo alipiga magoti, akafumba macho, akabaki pale mpaka tuliporudi. Nimekua nikiona hivyo. Nilidhani, kwa akili yangu, kwamba anaumia.

Mwaka juzi baba alifariki. Misa ya mazishi kanisa limejaa, wengine nje. Tumekaa mbele, mama katikati, mimi kushoto kwake. Wakati wa komunyo ukafika na benchi lote la mbele likasimama. Nikaangalia nikaona mama atabaki peke yake, mbele ya jeneza la mumewe, watu wote wakimtazama. Nikashindwa. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Mama, twende." Akatikisa kichwa. Nikamvuta. Kanisa zima linaona binti anamvuta mama yake, afanyeje? Akasimama akaja.

Alipofika mbele alikuwa amekinga mikono kama alivyoona wa mbele yake wakifanya. Padri anamfahamu miaka mingi, amekula ugali kwetu. Akasita. Foleni ikasimama. Halafu akamwekea mama mkono kichwani, akambariki kwa sauti ndogo. Sidhani kama alikosea, na kwa kweli sijui angefanya nini zaidi. Mama akashusha mikono, akarudi kukaa. Nyuma nikasikia minong'ono.

Usiku ule, wageni wamelala kwenye mikeka, mama akaniita jikoni. Hakunikaripia. Aliniambia, "Mwanangu, miaka ishirini na nne nimekaa kwenye benchi lile na baba yako. Sijawahi kuona aibu hata siku moja. Leo ndiyo nimeona."

Ndiyo hivyo wadau. Nilichodhani ni kumtoa kwenye upweke kilikuwa kumtoa mahali pake. Lile benchi alikuwa amelichagua, analijua, na baba alikuwa anajua. Wakati anafumba macho hakuwa anatengwa, alikuwa anasali. Mimi ndiye niliyekuwa naona aibu kwa niaba yake.

Kwa hiyo mkiniambia kwamba kumwacha mgeni akae ni ubaguzi, nawasikiliza, lakini siwaamini tena. Mgeni anaweza kuimba, kusimama, kusikiliza, kupeana mkono wa amani, kutoa shilingi zake, na likifika jambo ambalo hawezi kulifanya kwa ukweli, akae. Kukaa kwake ni heshima kwa wenyeji na kwa kanisa lake alikotoka.

Ila na wenyeji tuna kazi, na hapa nawageukia watu wangu na wengine wote. Mgeni hawezi kukaa kwa amani kama umemwekea mtego. Kuna kanisa moja mjini nilialikwa na rafiki, sitalitaja. Wageni tukaambiwa tusimame, sawa, nikasimama, nikapewa kipaza sauti nitaje jina na ninakotoka, sawa. Halafu mbele ya watu mia kadhaa naulizwa, "Umeokoka?" Nikasema nimebatizwa. Watu wakacheka. Wakaniita mbele niombewe. Nilikwenda, maana ningefanyaje? Rafiki yangu alifurahi sana siku ile. Mimi sikurudi tena, na urafiki wenyewe ulipoa. Hivi mngemkaribisha mtu chakula nyumbani halafu mkamuuliza mbele ya watoto kama kwao huwa wanaoga?

Na sisi Wakatoliki tusijione. Tunaalika watu kwenye ndoa na mazishi, hatuwaambii chochote, halafu wakikosea tunanong'ona. Ni maneno mawili tu kabla ya misa: "Wakati ule sisi tutakwenda mbele, wewe baki hapa, nitarudi." Hata padri anaweza kutangaza kwa upole, na wengine wanafanya hivyo vizuri sana. Na tuache pia hii tabia ya benchi zima kunyanyuka kama kikosi. Aliyebaki amebaki, mpishe apite mtu, mwache.

Mtasema mbona mambo haya magumu hivyo, na familia kama yetu tufanyeje. Ni magumu kweli. Novemba 2015, Papa Fransisko alitembelea kanisa la Walutheri pale Roma, na mama mmoja Mlutheri aliyeolewa na Mkatoliki akamuuliza swali hili hili: lini nitashiriki na mume wangu? Papa, pamoja na upapa wake, hakutoa ndiyo wala hapana. Alizunguka, akakiri kwamba swali si rahisi, akamwambia azungumze na Bwana na kusonga mbele. Watu wa pande zote mbili wakalalamika. Mimi nilipoisoma habari hiyo baada ya msiba nilimpenda yule mama kuliko jibu. Aliuliza. Hakujipenyeza.

Mwenzangu wa Bumbuli nimeshamsimulia habari ya mama, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Ungeniambia tu, ningekaa." Kweli. Kosa langu. Jumapili ijayo mimi ndiye ninayekwenda kwao, USCF, na ameahidi kunionyesha kurasa kwenye Mwimbieni Bwana maana namba zao zinanichanganya.

Kabla ya hapo lakini kuna Jumamosi. Msabato wetu ametualika wote TUCASA, na nimekumbuka kuuliza mapema. Kumbe wiki hii ndiyo zamu ya Meza ya Bwana, inakuja mara nne kwa mwaka. Nimemwambia wakati wa mezani mimi nitakaa, akasema hakuna shida, atanitafutia kiti karibu na mlango kwenye upepo. Kuhusu kuosha miguu bado sijaamua. Nimempigia mama, akacheka sana, akasema nimuulize kwanza mwenyeji kama mtu wa kutazama anaruhusiwa. Nimeuliza. Anaruhusiwa. Ila nimeshauriwa nivae viatu visivyo na kamba, endapo nitabadilisha mawazo.